Muulize Karani: Waganda ni waoga wa kupanda ndege?

Wasomaji wangu, salaam. Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu chuo na safari. Matokeo ya S.6, yaani kidato cha sita, yakishatoka, kila nyumba hupata mtoto anayetazama ramani na mzazi anayetazama pochi. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, mniwie radhi, maana imenipata pale nilipokaa miaka 25: dirisha la usajili la chuo kimoja hapa Uganda, mimi ndani, foleni nje, na katikati yetu fomu yenye kisanduku kilichoandikwa "Uraia".

Mzee Karani, heshima yako. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nakaa hosteli Kikoni. Chumbani tuko watatu: mimi mtu wa Soroti, Mkenya kutoka Kisii, na Mnigeria. Juzi usiku umeme ulikatika, tukaanza kubishana ni nchi gani inatoa wanafunzi wengi kwenda kusoma nje. Mnigeria akasema ni kwao. Mkenya akasema wao walianza kupanda ndege tangu enzi za mwanasiasa wao Tom Mboya. Mimi nikaambiwa Waganda ni waoga, hatuwezi kuacha matoke ya mama. Nikaingia kwenye simu nitafute namba ya kuwanyamazisha, nikakuta kila mahali pana namba yake. India peke yake nimeipatia namba mbili, na moja ni mara mbili ya mwenzake. Nani mkweli? Na je, sisi ni waoga kweli?
*Mwana wa Soroti, Kampala*

Mwanangu, katika giza lile ninyi mlijihesabu? Hao wenzako wawili ndio wanafunzi wa nje wenyewe mnaobishania. Huyu yumo katika hesabu ya Nigeria, yule katika hesabu ya Kenya, na wote wako Kikoni wanagombania rolex (chapati ya kuviringishwa na mayai) ya muuzaji yule yule. Sisi Waganda tukitamka "kusoma nje" macho yetu huenda Entebbe, kwenye ndege. Hatuangalii barabara ya Malaba, mpakani na Kenya, ambako wengine wanakuja kwetu na masanduku yao kwa basi la usiku.

Sasa namba zako mbili za India. UNESCO, ambao ndio wanaokusanya hesabu za dunia nzima, wanawapa Wahindi zaidi ya laki tano. Mwaka 2024 serikali ya India yenyewe iliwaambia wabunge wake kwamba Wahindi wanaosoma nje wanazidi milioni 1.3. Hakuna aliyedanganya. UNESCO humhesabu mtu aliyevuka mpaka kwa nia ya kusoma, akaandikishwa chuoni huko kwa masomo ya kupata shahada au cheti kinachojitegemea. Anayekwenda muhula mmoja kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi hawamtii humo. Serikali inayomwuliza balozi wake "mna watoto wetu wangapi huko?" hupata kapu kubwa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje ya dirisha hawalijui. Anayehesabu kwa kawaida ni nchi inayopokea. Nchi inayotoa haina daftari. Ukiondoka Uganda kwenda kusoma, hakuna karani anayekukata jina. Ofisa wa uhamiaji anagonga muhuri wake na kumwita anayefuata. Kwa hiyo ukiona jedwali limeandikwa "Waganda walio nje", ujue limeshonwa kwa vipande vilivyotumwa na makarani wa India, Marekani, Uturuki, Malaysia na kwingineko, na nchi isiyotuma kipande chake, watu wake wanapotea hapo hapo. Tazama China. Mwaka 2018 wizara yao ya elimu ilitangaza wageni 492,185, na kati yao Waafrika 81,562. Namba nzito! Lakini karibu nusu ya wageni wale hawakuwa wakisomea shahada. Walikuwemo waliokwenda kujifunza Kichina miezi michache na kurudi. Je, utawaweka au utawatoa? Kabla hujajibu swali hilo, usibishane na mtu gizani.

Na mimi ninajua makarani tulivyo. Mwaka mmoja niliandaa idadi ya wageni nikahesabu waliolipa karo. Mwaka uliofuata nilikuwa likizo, mwenzangu akahesabu waliojaza fomu. Watanzania "wakaongezeka" kwa theluthi nzima bila hata mtu mmoja zaidi kuvuka Mutukula. Mkuu wetu akaifurahia namba ile, akaisoma kwenye hotuba ya mahafali. Nilikaa kimya. Hadi leo nikiona jedwali lenye mshale unaopanda, huwa namkumbuka mwenzangu yule na kalamu yake nyekundu.

Turudi kwenye ubishi wenu. Ukihesabu vichwa, China inaongoza dunia, watu wapatao milioni moja, India inafuata. Si ajabu. Nchi yenye wanafunzi wa vyuo zaidi ya milioni 40 nyumbani, ikitoa milioni moja, imetoa wawili na kitu katika kila mia. Kwa dunia nzima ni chini ya watatu katika mia: karibu milioni 7 walio nje, kati ya zaidi ya milioni 250 wanaosoma vyuo. (Mwaka 2000 walio nje walikuwa milioni 2 na ushei tu.) Ukiuliza kwa mia, China inashuka chini ya wastani wa dunia, na juu anapanda mtu ambaye hamkumtaja: Luxembourg. Kule Ulaya, kajinchi kadogo kenye watu wasiofika milioni moja na fedha za kutisha, wanafunzi wake walio nje ni wengi kuliko waliobaki nyumbani. Utasema ni mashujaa? Hawakuwa na chuo kikuu kamili mpaka mwaka 2003! Baba zao na babu zao wote walisoma Ufaransa, Ubelgiji au Ujerumani kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na desturi hiyo ikaota mizizi.

Ndugu zetu wa Ngazija, visiwa vya Komoro, nao walipata chuo kikuu chao mwaka huo huo wa 2003. Kabla ya hapo, Mkomoro aliyetaka shahada alipanda chombo kwenda Madagascar, Ufaransa au Uarabuni. Tajiri wa Luxembourg na mvuvi wa Ngazija, sababu ni moja: kiti cha kukalia hakikuwepo nyumbani.

Uganda sisi kiti tulikuwa nacho tangu 1922, Makerere ilipoanza ikiwa shule ya ufundi. Majirani ndio waliokuja kwetu. Nyerere alikuja mwaka 1943, wakaja na Kibaki na Mkapa.

Mnigeria wako basi amesema kweli kwa vichwa: kusini mwa Sahara, Nigeria ndiyo inayotoa wengi kuliko wote, makumi ya maelfu. Marekani peke yake iliwahesabu 20,029 mwaka wa masomo 2023/24, na Ghana, inayofuata Afrika kule, ilikuwa na 9,394. Ila mwambie nawe kwamba Nigeria ina watu zaidi ya milioni 200, na kila mwaka vijana zaidi ya milioni moja na nusu hukaa mtihani mmoja wa kuingia vyuo, na viti havitoshi hata nusu yao. Halafu mwaka 2022 wahadhiri wa vyuo vya serikali waligoma miezi minane, kuanzia Februari hadi Oktoba. Mzazi aliyekuwa na kitu mfukoni angefanya nini? Muulize rafiki yako alikuwa wapi miezi ile minane. Nadhani atakupa hadithi tamu kuliko namba yoyote. Kisha muulize kuhusu Uingereza. Wanigeria walijaa kule kusomea shahada za pili. Naira ikaporomoka kuanzia katikati ya 2023, na Januari 2024 Waingereza wakawazuia wengi wa wanafunzi hao kuja na wake, waume na watoto. Foleni ikapungua ghafla. Ujasiri wa Wanigeria haukupungua hata chembe. Bei na sheria ndizo zilizobadilika.

Na Mkenya? Ndege ya Mboya ni kweli, mwaka 1959, vijana 81 kwenda New York. Heshima yao. Lakini Wakenya niliowahudumia mimi hawakuja kwa ndege. Walikuja kwa basi, wengine na godoro, kwa sababu kwao nafasi za serikali zilitaka alama za juu na vyuo binafsi vilikuwa ghali. Miaka ya 2000 ilikuwa nusu ya foleni yangu ni Kiswahili cha Nairobi, "sema mzae, form ni gani?" Mwaka 2016 mambo yakageuka. Kenya ilibana wizi wa mitihani, na waliopata A ya jumla wakashuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141. Waliofuzu wakawa wachache, viti vyao vikawatosha, na mwaka huo huo serikali yao ikaanza kuwalipia wengine hata katika vyuo binafsi. Mimi niliona kwa macho: muhula uliofuata nilimaliza foleni kabla ya chai ya saa nne.

Usimsahau pia Mmarekani, maana kwenye simu yako lazima ulikutana naye. Mwaka wa masomo 2022/23 Wamarekani 280,716 walisoma nje, na nchi waliyoipenda zaidi ni Italia. Ukisoma haraka utadhani ni wasafiri wakubwa. Theluthi mbili yao hivi walikwenda likizo ya kiangazi au kwa wiki zisizozidi nane. Ndiyo hesabu ambayo UNESCO hawaitii kapuni, na wala huwezi kuiweka mizani moja na Mganda anayekwenda Urusi kusomea udaktari, akianza na mwaka mzima wa kujifunza lugha, kisha miaka sita ya kuona theluji.

Lakini kinachoniuma mimi katika ubishi huu ni kile kisanduku cha "Uraia".

Aliwahi kuja dirishani kijana mmoja kutoka Adjumani, kaskazini hapa hapa Uganda, mrefu, fomu imejazwa kwa mwandiko mzuri. Alivuka mpaka akiwa na miaka mitatu, mgongoni mwa shangazi yake. P.1, darasa la kwanza, mpaka S.6 amesoma hapa, mitihani yote ni ya UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Kisandukuni ameandika Sudan Kusini. Nikamwingiza katika daftari la wageni, kwa kuwa ndivyo daftari lilivyotaka. Nyuma yake katika foleni alikuwa kijana mwenye pasipoti ya Uganda, amezaliwa na kukulia Nairobi, cheti chake ni cha Kenya, Luganda hajui hata salamu. Huyo nikamwandika mwenyeji. Jioni ile ile mwenyeji wangu alipotea kati ya Wandegeya na Bwaise, akaokolewa na mtu wa boda. Mgeni wangu alikuwa ameshafika nyumbani kwa binamu yake anakula.

Ukishika ile tafsiri ya UNESCO, mtu aliyevuka mpaka kwa nia ya kusoma, yule wa Adjumani si mwanafunzi wa nje. Alivuka akikimbia bunduki, na hakuwa anajua kushika kalamu. Yule wa Nairobi ndiye. Daftari langu liliwageuza kichwa chini. Na Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, kwa hiyo makosa ya namna hii hayawi ya mtu mmoja wawili.

Wakati mwingine mtu hageuki, mpaka ndio unaogeuka. Kuanzia 1963 Kampala, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Udaktari ulikuwa Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Mkenya aliyetaka kuwa daktari alikuja Kampala, na chuoni alikuwa kwake. Rais Museveni alisoma Dar es Salaam miaka ile, akamaliza 1970. Mwaka huo huo chuo kikavunjwa vipande vitatu. Sasa niambie, wewe uliye na simu: Museveni ni Mganda aliyesoma nje, au ni mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyesoma tawi la mbali? Kaulizeni chumbani kwenu. Hiyo itawatosha siku umeme ukikatika tena.

Sisi ni waoga? Mimi sijaona uoga dirishani. Afrika kusini mwa Sahara kwa jumla inatoa kwa kila mia karibu mara mbili ya wastani wa dunia, kwa kuwa viti ni vichache. Uganda tulifungua viti mapema: Mbale wakapata Chuo Kikuu cha Kiislamu mwaka 1988, Mbarara 1989, Nkozi 1993, na Makerere miaka ya tisini wakaanza kuwapokea wanaojilipia. Kijana ambaye angelala ubalozini kutafuta viza alipata darasa la jioni, akalala kwao. Kama hayo ndiyo matoke ya mama, basi mwambie Mkenya wako apishe sahani, naye ameyafuata.

Mzee, nakusalimu kutoka Arua. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza vitenge sokoni. Binti yangu amemaliza S.6, anataka uuguzi. Kuna kijana wa ofisi ya safari za masomo anasema atamtafutia nafasi India, ila anataka milioni tatu za kuanzia. Anasema Waganda wamejaa kule kwa hiyo hakuna hatari. Nimpe?
*Mama wa Arua*

Dada yangu, usimpe bado.

Kwamba Waganda wako wengi mahali fulani si habari ya usalama wa binti yako. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikwenda India, mji wa Pune, akamaliza vizuri na leo anafanya kazi. Mwenzake aliyepelekwa na dalali yule yule alifika akakuta nafasi aliyolipiwa ni ya kozi ya mwaka mmoja, shahada hakuna, na dalali simu haipokei tena. Wote wawili katika jedwali ni "Mganda aliye India", mmoja na mmoja.

Fanya hivi. Mwombe huyo kijana jina kamili la chuo na la kozi, kwenye karatasi, sio kwa mdomo. Akisitasita, umeshapata jibu na milioni tatu zako umebaki nazo. Akikupa, binti yako akiandikie chuo chenyewe barua pepe, kwa anwani aliyoitafuta mwenyewe kwenye tovuti ya chuo, sio aliyopewa na dalali. Kisha mwende kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu mkaulize kama shahada ya pale inatambuliwa hapa, na kwa Baraza la Wauguzi na Wakunga mkaulize aliyesomea pale atasajiliwaje akirudi. Hili la pili watu hulisahau, wakaja kukumbuka mtoto ameshavaa joho. Muuguzi asiyesajiliwa hawezi kufanya kazi, hata awe na cheti cha dhahabu.

Ujue pia kwamba serikali ya India ina ufadhili wake unaopitia ICCR, baraza lake la mahusiano ya kitamaduni, na maombi yake hufanywa mtandaoni, bila dalali. Hauhakikishi kitu, waombaji ni wengi, lakini kujaribu hakuhitaji kuuza vitenge. Na siku ya safari ikifika, asisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Bila hiyo, Mhindi wa uwanja wa ndege hatamsikiliza hata akilia.

Mzee Karani, mimi niko Busia, upande wa Kenya. Kijana wangu anasoma chuo upande wa Uganda. Asubuhi anavuka kwa miguu, jioni anarudi kula ugali nyumbani. Jirani ananicheka nikisema mtoto wangu anasoma ng'ambo. Nani mwenye haki?
*Baba wa Busia*

Wewe ndiye mwenye haki, mzee mwenzangu, na jirani anunue soda. Ng'ambo ni upande wa pili, iwe wa bahari, wa mto au wa barabara. Kwa daftari langu kijana wako angeandikwa Mkenya aliye nje, kichwa kimoja kamili, sawasawa na aliye Toronto.

Ila huyu wa kula ugali nyumbani naye anahitaji karatasi. Tangu 2014 raia wa Kenya na Uganda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa, hilo linamtosha kwa kutembea. Kwa kusoma, apate pasi ya mwanafunzi kwa watu wa uhamiaji wa Uganda, na chuo kimpe barua ya kukubaliwa aende nayo. Nimewaona wengi waliozoea kuvuka kwa kupungiana mkono na askari. Siku askari anapohamishwa, mtoto anakosa mtihani.